Pumzi ya Kabla ya Kiitikio

Mashine za chumba cha kufulia cha hospitali zikishaanza kuzunguka zote kwa pamoja, watu huacha kuzungumza. Hakuna aliyewakataza. Ngurumo inaingia kupitia nyayo, inapanda magotini, inakaa kifuani, na mtu akifungua mdomo anaona bora aufunge tu. Wafanyakazi wapya huumwa kichwa wiki nzima. Mama Besi yeye huanza kuota.

Huota macho wazi, amesimama, mikono ikiendelea na kazi. Analisha shuka kwenye rola za kunyooshea, pembe moja mkono huu, pembe nyingine mkono ule, na mwenzake wa upande wa pili anaipokea ikiwa kavu na ya moto. Mvuke hutanda mpaka taa za dari zinabaki mabaka meupe, na ndani ya mvuke huo watu huja. Huja mpiga dramu wa kwanza, yule aliyehama mji bila kuaga. Huja mpiga gitaa wa kwanza, aliyesema anatoka mara moja kununua betri, watu wakaja kusikia ameoa huko alikoenda. Huja Koo, mwimbaji, akiwa na nywele zake zote. Wanapanga vyombo katikati ya vikapu vya foronya, hawasemi neno, wanamtazama yeye. Bendi yao haikuwahi kuanza wimbo kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Waliangalia kidole cha Mama Besi juu ya uzi mnene, na kidole kikishuka, wanashuka wote.

"Shuka inajikunja, wewe!" mwenzake hupiga kelele, na ndoto hukatikia hapo.

Ukikutana naye njiani na mfuko wake mkononi utasema huyu anatoka kununua vitunguu, na mara nyingi utakuwa umepatia. Ni mwanamke mnene kiasi, mpole wa uso, anayetembea kama aliyesahau anakokwenda. Lakini usimwone hivyo ukamdharau. Huyo ndiye mwanzilishi wa Bati Bovu, bendi ya roki nzito kuliko zote zilizowahi kutikisa madirisha ya mji ule. Jina walipewa na jirani. Walikuwa wakifanyia mazoezi kwenye banda la nyuma, jirani akatoka na kandambili mkononi akawauliza hivi huo ni muziki au ni bati bovu linapigwa na upepo. Walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakalipenda jina.

Gitaa la besi alipewa kwa sababu hakuna mwanamume aliyelitaka. Wote walitaka kusimama mbele na kutupa vichwa. Yeye wakati huo ndio kwanza ameajiriwa kufua, na siku nzima masikio yake yalikuwa yamejaa sauti ile nzito ya mashine. Aliposhika uzi wa chini akapiga kile kile alichokuwa anakisikia kazini. Wenzake wakageuka kumtazama. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti.

Kuhusu watu kuingia na kutoka, Bati Bovu ilikuwa nyumba ya wapangaji hasa. Wapiga dramu walipita mpaka watu wakaacha kujifunza majina yao, mwisho kiti kikakaliwa na shemeji yake Mama Besi, mdogo wa mume wake, fundi wa kupaka rangi nyumba, ambaye hata akipiga dramu mikono yake huenda juu na chini kana kwamba kuna ukuta mbele yake. Gitaa la solo lilienda kwa Fundi Saa, mtu wa maneno machache, mwenye kibanda cha kutengeneza saa. Wapenzi wa bendi walinung'unika kila mara, wakazoea kila mara. Maadamu Koo alikuwa anaimba na Mama Besi amesimama kushoto kwake, Bati Bovu ilikuwa bado ni Bati Bovu.

Kisha Koo naye akaondoka. Hakukuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Baada ya onyesho moja alikunja waya wa kipaza sauti polepole, duara juu ya duara, akamkabidhi Mama Besi.

"Besi," alisema, "nimechoka, lakini nimechoka vizuri."

Akaenda kuuza mapazia. Watu walisema ni kifua kimemshinda. Mama Besi hakusema kitu, maana yeye ndiye aliyekuwa akikijua kifua hicho kuliko mtu yeyote.

Mwimbaji mpya walimpata kwa harufu. Nyuma ya banda lao kulikuwa na mlango wa kiwanda kidogo cha mikate, na jioni moja Fundi Saa alitoka kupumzisha vidole, akanusa mkate, akasikia mtu ndani anaimba juu ya muziki wao huku akikanda unga, na anaimba kwa nguvu ya kung'oa misumari. Walimwita Mwokaji. Alikuja na unga mpaka kwenye viwiko, akaimba wimbo mmoja, na shemeji akadondosha kijiti. Binti yule alikuwa na mapafu ya ajabu. Alikuwa na heshima pia, akimwita Mama Besi mama na kumbebea spika bila kuombwa.

Basi wakakata shauri kutoa albamu mpya. Ilikuwa imepita miaka mingi tangu ile ya mwisho, na nyimbo walikuwa nazo, mpya kabisa, ambazo Koo hakuwahi kuziimba wala kuzisikia. Mama Besi alizitunga akiwa kwenye mvuke. Kwake haikuwa albamu tu. Binti zake walishaolewa, magoti yalishaanza kulalamika, na alijua moyoni kwamba hii ikipita hakutakuwa na nyingine. Alitaka kusikika humo ndani. Alitaka hilo kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka tangu utu uzima umwingie.

Studio ilikuwa juu ya duka la matairi. Kompresa ya kujazia upepo ilikuwa inanguruma chini, ikinyamaza wanarekodi, ikianza wanakunywa chai. Mrekodi alikuwa mtu muungwana mwenye sweta, aliyezungumza kwa sauti ndogo kama yuko wodini. Alitaka wapige wote pamoja chumba kimoja, wakitazamana, kama zamani. Kidole cha Mama Besi kikashuka, wakashuka wote, ubeti wa kwanza ukaenda vizuri, na kiitikio kilipofika Mwokaji akaingia peke yake. Wenzake walifika nyuma yake kidogo. Kilisikika kishindo kama cha watu wanaogongana mlangoni, ambacho bandani, katika kelele za mazoezi, hakuna aliyewahi kukisikia.

"Samahani, nimewahi," alisema Mwokaji.

Wakarudia. Akawahi tena. Wimbo wa pili, vilevile. Mrekodi akawasikilizisha, na wakiwa wamekaa chini ya spika wakasikia wenyewe. Binti hakuwa amewahi hata kidogo. Wao ndio waliokuwa wamechelewa.

Hapa inabidi nieleze, maana wapenzi wa Bati Bovu mpaka leo wanadhani ni mbwembwe za bendi. Kila wimbo wao, karibu na kiitikio, huvuta nyuma kidogo. Hausimami, unasita tu, muda wa mtu mzima kuvuta pumzi moja ya kutosha. Mama Besi ndiye aliyekuwa akivuta, na wengine wakimfuata bila kujua, kila mpiga dramu mpya akiupokea mtindo huo kutoka kwa vidole vyake. Alianza kufanya hivyo zamani, alipoona mabega ya Koo yanapanda kabla ya kiitikio. Alijisemea moyoni, maskini, kifua chake kidogo, ngoja nimpe nafasi. Akampa. Hakumwambia, kwa sababu mwanamume ukimwambia mbele ya watu kwamba kifua chake kidogo unakuwa umemmaliza. Alimpa nafasi hiyo kila usiku, kila wimbo, mpaka mkono ukasahau kwamba unatoa kitu. Na sasa Koo yuko kwenye mapazia yake, nyimbo ni mpya, na mkono bado unamsubiri.

Mrekodi alimvalisha hedifoni yenye mashine ya mapigo, ile inayolia tik, tik, tik kama bomba lililolegea. Ikawa balaa zaidi. Mashine ilikwenda njia yake, Mama Besi njia yake. Siku ile walishuka ngazi bila kurekodi wimbo hata mmoja, na hakuna aliyefanya utani.

Aliyekuja kuipasua habari alikuwa shemeji. Alifika nyumbani Mama Besi akiwa anapanga vyombo kabatini, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango ambacho hukaliwa na wageni wenye haraka. Mume wake Mama Besi, fundi umeme mwenye kucheka ovyo, aliona uso wa mdogo wake akapunguza redio.

"Shemeji, usinielewe vibaya," alianza.

"Ukianza hivyo nitakuelewa vibaya. Sema."

"Mrekodi ana mtu wake wa besi. Anasema ni kwa kurekodi tu. Jukwaani ni wewe, nani atagusa? Ila kwenye albamu..." Alikuwa anajikuna rangi iliyokauka kwenye kucha. "Tukikutana mara ijayo tukishindwa tena, yule mtu anaingia."

"Na wewe ulisemaje?"

"Nilinyamaza."

"Umenyamaza! Mtu nimekupa kiti mwenyewe!" Sahani ilitua kabatini kwa sauti. Kisha alikaa, akasema kwa upole uliomuumiza shemeji kuliko ile kelele, "Huna kosa. Ningekuwa wewe ningenyamaza pia."

Iliuma, tusifichane. Bendi aliizaa yeye, sasa albamu yake itatoka na mkono wa mtu mwingine, na watu watainunua na kusema Mama Besi yuko vizuri siku hizi.

Alijaribu. Jioni zote alikaa kitandani na gitaa mapajani, mashine ya mapigo aliyoazima studio juu ya mto, na kila alipokaribia kiitikio mkono ulilegea wenyewe, kwa adabu kabisa, kumpisha mtu asiyekuwepo. Mume wake alilala kando, mikono chini ya kichwa.

"Huyo Koo," alisema mumewe, "mimi mwenyewe hujawahi kunisubiri hivyo hata siku moja. Tukitoka, nikifunga kamba za viatu tu, uko kituoni."

Mama Besi akacheka bila kupenda. Lakini maneno yalibaki naye. Kesho yake, alipotoka kazini, badala ya kukata kulia kwenda nyumbani alikata kushoto, kwenye duka la mapazia.

Duka lilikuwa refu na jembamba, vitambaa vimening'inizwa pande zote kutoka juu mpaka chini, na feni ya dari ilivifanya vyote vipumue polepole. Aliingia akipapasa, kitambaa cha kijani kikamgusa shavu, cha rangi ya maziwa kikamfunika na kumfunua. Kwa muda alidhani yuko kazini, katika mvuke, na kwamba wenzake wote wangetokea. Akatokea Koo peke yake, futi ya kupimia shingoni, upara unang'aa.

"Besi! Umekuja kufunika madirisha?"

"Nimekuja kukugombeza." Alikaa juu ya robota la kitambaa. "Kifua chako kimenifunza vibaya."

"Kifua changu?"

Akamweleza yote: Mwokaji, mashine ya mapigo, mtu wa besi anayesubiriwa kuingia. Akamweleza na lile alilolificha miaka yote, kwamba alikuwa akivuta nyuma makusudi ili yeye apate pumzi. Alitegemea Koo aone haya. Koo aliweka mkasi chini taratibu.

"Besi. Mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

"Kunisubiri mimi nini?"

"Ulipojifungua yule binti yako mkubwa. Ulipasuliwa, ukarudi jukwaani kidonda hakijafunga, nikakuambia nenda kapumzike ukanitolea macho. Unakumbuka? Lile gitaa zito. Kila tukikaribia kiitikio ulikuwa unapandisha mkanda begani, na uso unakunjamana. Nikasema huyu ataanguka hapa. Basi nikawa navuta pumzi ndefu, nainua mabega, najifanya ndiyo naitafuta sauti, ili wewe umalize na mkanda wako."

Mkono wa Mama Besi ulienda begani, pale mkanda ulipokuwa ukikaa.

"Mimi nikaona unavuta pumzi," alisema, "nikajua ni kifua."

"Kifua changu kizima. Nikaona na wewe unavuta nyuma, nikajua kidonda bado kinauma. Nikaendelea."

"Kidonda kilipona kabla mtoto hajaota jino!"

"Ungeniambia basi."

"Na wewe ungesema!"

"Nikuambie wewe? Ungenirushia gitaa."

"Ningekurushia kweli," alisema, na hapo wote wawili wakashikwa na kicheko, kicheko kile cha kufuta machozi kwa kitambaa cha karibu, na kitambaa cha karibu kilikuwa cha mteja. Yule binti aliyezaliwa kwa kupasuliwa alikuwa sasa na watoto wake wanaosoma. Muda wote huo watu wazima wawili walikuwa wamesimama bega kwa bega wakisubiriana, kila mmoja akimhurumia mwenzake, na bendi nzima ikisubiri pamoja nao.

Kicheko kiliisha. Mapazia yaliendelea kupumua.

"Sasa nifanyeje?" aliuliza Mama Besi. "Mkono haunisikii."

Koo alikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Usinisubiri tena, Besi. Siji."

Alilisema kwa wema, wala hakukwepa macho yake. Mama Besi alikuwa bado hajaamini, mpaka dakika ile, kwamba Koo ameondoka. Aliitikia kwa kichwa. Akatoka akipangua vitambaa mpaka akakutana na jua.

Siku ya kurekodi kompresa ilinguruma mpaka wakachoka kunywa chai. Yule mtu wa besi alikuwa ameshafika, kijana mstaarabu, amekaa kwenye benchi na gitaa lake ndani ya mfuko, akijitahidi kuangalia ukuta. Mama Besi alimsalimia. Akakataa hedifoni. Akasimama katikati ya chumba, akafumba macho, na chini kompresa ikanyamaza.

Kidole kikashuka, wakashuka wote.

Ubeti ukaenda. Aliona mvuke ukitanda nyuma ya kope zake, akawaona wale wa zamani wakija, mpiga dramu aliyehama, mpiga gitaa wa betri, na Koo na nywele zake, amesimama kulia kwake, mabega yakianza kupanda. Mkono wake ulitaka kulegea. Akamtazama Koo wa kwenye mvuke usoni, akampenda sana, akapita. Hakusita hata chembe. Kiitikio kikafunguka, Mwokaji akaingia, na wote wanne wakawa mahali pamoja kwa wakati mmoja, na dirisha la studio likatetemeka kwenye fremu yake.

Wimbo ukaisha. Mrekodi alivua miwani akaifuta kwa sweta. Yule kijana wa besi alisimama, akabeba mfuko wake, akamwinamia Mama Besi kidogo, akaondoka. Shemeji alicheka peke yake kama mwehu.

Mama Besi alitoka, akakaa kwenye ngazi akalia. Mwokaji akamfuata, akakaa kidato cha chini yake.

"Mama, nimekosea?"

"Hujakosea, mwanangu. Ni kwamba leo nimefika peke yangu."

Binti hakuelewa, ila alikuwa na akili ya kutouliza. Akakaa naye mpaka kompresa ikaanza na ikanyamaza. Wakarudi ndani, wakarekodi nyimbo zilizobaki.

Albamu ilipokamilika, kabla haijaenda dukani wala redioni, Mama Besi aliipeleka kwenye mapazia. Koo alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akavuta viti viwili, akavaa hedifoni. Mama Besi alibonyeza kitufe, wimbo ukaanza. Yeye hakuwa akisikia kitu isipokuwa feni, lakini wimbo aliujua, akaufuata kwa kumtazama. Koo alifumba macho. Kichwa chake kilianza kwenda na ubeti, vidole vikigonga paja. Midomo ilicheza, ikijaribu maneno isiyoyajua. Kiitikio kikakaribia, na Mama Besi akaona mabega ya rafiki yake yakipanda, polepole, mpaka juu, kifua kikijaa pumzi ile ndefu ya miaka yote.

Yakabaki juu. Wimbo ulikuwa umeshapita.

Koo akafumbua macho. Aliishusha ile pumzi kidogo kidogo, akavua hedifoni, akaishika mapajani kwa mikono miwili.

"Hamkunisubiri," alisema.

"Hatukukusubiri."

Akaitikia kwa kichwa, mara kadhaa. Macho yalikuwa yamemjaa maji na alikuwa anatabasamu. Kisha akairudisha hedifoni masikioni, akaiweka sawa, akakaa wima kwenye kiti.

"Irudishe," alisema. "Safari hii nitawahi."